Kuna Majibu?

Gede,
11 Mei 1986

Kwa mke wangu mdogo Kache,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani inakuja. Sisi huku wazima. Bibi yako Dorcas mzima, anakohoa, lakini ni kukohoa kwa kunitafutia maneno. Mamako mzima. Mbuzi wangu wawili wazima. Wewe na huo ualimu unaousomea mnasikizana? Baridi ya Machakos imepunguza ukali?

Tazama mwandiko huu. Usiulize nani ameniandikia, ni mimi. Hakuna aliyenishika mkono. Katika darasa letu la gumbaru, sisi watu wazima tunaofundishwa na Mwalimu Thuku, hakuna anayeikamata penseli kama mimi. Mwalimu hajalisema kwa mdomo, ni mtu wa Nyeri, sifa hazitoki ovyo, lakini mimi namwona machoni. Barua hii niliianza Alhamisi na leo Jumapili naimaliza.

Sasa sikiza. Tarehe mbili Agosti kuna mbio za hisani kutoka Kilifi mpaka Malindi. Wao wanasema ni kilomita sitini, mimi nasema ni matembezi. Ni kwa ajili ya zahanati ya misheni hapa kwetu, ijengwe wodi ya kina mama wanaojifungua, kabla Sista Jedida, mkunga wa pale, hajastaafu akarudi kwao bara. Kila mkimbiaji ana watu wake waliomwahidi mchango, lakini sharti afike Malindi kwa miguu yake kabla jua halijatua. Asipofika, ahadi zake zimekufa.

Nikamwendea Mwalimu Thuku, maana ndiye karani wa mbio, nikamwambia andika, Gona Mwambire. Alicheka mpaka akashika meza. "Mzee Gona, wewe tumekuwekea utepe, utaukata pale Malindi." Utepe! Mimi niliyekuwa tarishi wa DC, mkuu wa wilaya, miaka kumi na tisa! Barabara hiyo hiyo ilipokuwa njia ya miguu, mimi nikiipita na ufito wangu, nimeupasua kichwa, barua nimeibana humo. Nilipouinua hata nyani walinipisha. Sikufungua barua ya mtu, na kusoma nilikuwa sijui. Sikupoteza hata moja. Na sikugeuka kurudi hata siku moja kabla ya kumwuliza mwenye kupokea: kuna majibu? Hiyo ndiyo kazi. Huyo Thuku alikuwa hajazaliwa.

Kwa hiyo nafanya mazoezi. Akiniona nilivyo ataandika jina mwenyewe. Mwulize yule rafiki yako Mwikali unayelala naye chumba kimoja, mkimbiaji wa chuo, wao huko hufanyaje. Si kwamba sijui. Nataka kumpima.

Sababu ya mimi kukimbia usiniulize. Ni yangu.

Ndimi mumeo wa kwanza, babu yako,
Gona

*

Machakos,
21 Mei 1986

Kwa Babu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, baridi tumeshazoeana. Msalimie Mama, na umwambie mke mwenza wangu asikohoe sana, nikirudi likizo nitamsaidia kukulea.

Barua yako nimeizungusha bweni zima. Hakuna aliyeamini kwamba mwaka juzi ulikuwa unatia kidole gumba kwenye wino. Asante kwa kuniandikia mwenyewe, Babu. Hiyo ni barua yangu ya kwanza kutoka kwako na nimeiweka ndani ya Biblia.

Mwikali anakusalimu. Anasema miaka sitini na minane si ya kuchezea, lakini kama umeshaamua, basi fanya hivi. Anza kidogo kidogo. Kimbia polepole kiasi cha kuweza kuzungumza, halafu tembea, halafu kimbia tena. Kunywa maji kabla ya kuona kiu. Vaa viatu. Na kubwa kuliko yote, usisimame njiani. Anasema ukisimama miguu inaganda, na kuianzisha tena ni kazi kuliko mwendo wote. Usisimame kwa yeyote.

Nimemwambia utapinga kila neno.

Hiyo sababu yako utanieleza tu. Mke hafichwi mambo.

Mjukuu wako,
Kache

*

Gede,
8 Juni 1986

Kwa Kache,

Salamu zikukute umeshiba. Sisi tumepata mvua nzuri, mahindi yamesimama, nashukuru. Bibi yako anasema mimi nimepata wazimu, kwa hiyo yeye pia ni mzima.

Huyo Mwikali anajua mambo, mwambie nimesema, ingawa mengi nilikuwa nayajua. Viatu sitaki. Nimejikatia vya tairi, vinaniambia ukweli wa barabara. Nimeshakwenda Mida na kurudi mara sita. Vijana wa stendi wakiniona hunipigia makofi. Wanadhihaki, lakini makofi ni makofi.

Tatizo ni moja. Kutoka hapa mpaka Mida, juzi, nilihesabu watu ishirini na watatu. Nawe unajua kwetu. Utampitaje mtu mzima bila kusimama? Umwulize hali ya mji, akuulize, umwulize watoto, akuulize, mvua, mbuzi, yule mgonjwa wao, halafu yeye aulize, "Na hizi mbio, mzee, unafukuzwa na nani?" Hapo unaanza kueleza. Kwenda nilikwenda asubuhi, kurudi nikarudi baada ya adhuhuri, na saa nilizokimbia hazikufika mbili. Miguu iliganda kama alivyosema Mwikali, mara ishirini na tatu.

Basi nimeamua. Kuanzia kesho sisimami kwa yeyote. Wataniona mgongo.

Babu yako, chuma,
Gona

*

Machakos,
2 Julai 1986

Kwa Babu,

Shikamoo. Natumai u mzima, ingawa wiki tatu hujaniandikia na sikuzoea ukimya wako.

Mama ameniandikia. Babu, anasema ulipita mbio mbele ya matanga ya Mzee Masha. Watu wamekaa mikekani, mjane ametoka mlangoni kukupokea kwa kilio, na wewe ukapita. Ukapunga mkono! Anasema wazee wamekuita. Anasema pia wiki iliyopita ulianguka kule Mida, Thoya muuza mikate akakuleta nyumbani juu ya baiskeli, katikati ya mikate.

Nimeona aibu na nimeogopa. Mimi ndiye niliyekuandikia usisimame. Nilifikiri ni neno la mbio tu.

Babu, nakusihi, acha. Mwalimu Thuku hakukosea. Kata utepe, upigiwe makofi, ukae kivulini unywe soda. Hakuna atakayekudharau. Mitihani yangu inaanza mwisho wa mwezi, sitaweza kuja kukushika ukianguka tena.

Mjukuu wako anayekupenda,
Kache

*

Gede,
10 Julai 1986

Kache,

Hujambo. Mimi sijambo. Sikuanguka. Nilikaa chini haraka. Huyo Thoya naye ana baiskeli anataka ionekane.

La Masha ni kweli. Wazee wakaniita, wakaniuliza, "Gona, Masha alikukosea nini?" Masha ni rika langu, tulitahiriwa siku moja. Nikasema nilikuwa nahesabu hatua. Wakatazamana. Nimetoa mbuzi mmoja, nimekaa mkekani siku nne, nimemlilia Masha kama anavyostahili, na ndiyo maana ulikuwa ukimya. Mjane wake amenisamehe. Sikulaumu wewe. Nimekulaumu kidogo, imekwisha.

Lakini utepe sikati. Na kwa kuwa umeniandikia kwa machozi, nitakwambia kwa nini.

Mwaka wa sitini na sita, mvua za vuli, mamako alishikwa na uchungu Jumatatu. Wewe ulikaa vibaya tumboni. Jumatano bado. Mkunga wetu akasema apelekwe zahanati. Bibi yako akasema apelekwe zahanati. Babako yuko Mombasa bandarini, mwenye mji ni mimi. Nikasema mke wa mwanangu hatashikwa na watu wa bara waliokuja juzi. Nilisema tu. Na nikishasema, wanijua.

Bibi yako akatoka kimya akaenda kumwita mkunga wa zahanati. Sista Jedida akaja kwa miguu katika matope, mwanamke mwembamba, begi kichwani. Mimi nimesimama mlangoni. Akasema, "Nipishe, mzee." Nikasema hupiti. Akasogea. Nikamsukuma, Kache. Bega lake likagonga mwimo wa mlango, niliusikia mlio. Hakulia, hakunitukana. Aliinama akapita chini ya mkono wangu kama kuku anavyopita, akaingia.

Asubuhi akatoka amekubeba kwa mkono mmoja, wa pili unaning'inia tu. Akasema, "Shika, mzee. Ni msichana, na mama yake ni mzima." Unajua nilijibu nini? Nilisema, "Amechelewa."

Hiyo ndiyo shukrani niliyompa.

Miaka ishirini napita mbele ya zahanati. Yeye hunisalimu, mimi hujibu. Kila mara nasema leo nitamwambia, na kila mara mdomo wangu huu unaojisifu kutwa unakuwa jiwe. Ulipokwenda shule, nilitaka kumwambia. Ulipochaguliwa chuo nilifika mpaka langoni kwake, nikaomba dawa ya kichwa, na kichwa hakikuwa kinaniuma. Anaondoka tarehe kumi Agosti. Kama mdomo umeshindwa, nataka miguu iseme. Nikifika Malindi, hata tofali moja la wodi ile litakuwa langu, na yeye atajua.

Sasa niambie nikate utepe.

Babu yako,
Gona

*

Machakos,
17 Julai 1986

Babu,

Shikamoo, tena shikamoo.

Mwikali alinikuta kitandani nalia na barua yako, akadhani kuna msiba. Nikamwambia hapana, nimezaliwa.

Nilikua nikimwona Sista Jedida kila wiki. Ndiye aliyenipa kalamu yangu ya kwanza. Hakunieleza hata siku moja, wala hakuwahi kukusema vibaya mbele yangu. Asante kwa kunieleza mwenyewe. Ungeweza kunyamaza nisijue milele.

Sikwambii ukate utepe. Nakwambia hivi. Uliponiandikia mara ya kwanza ulisema ulipoinua ufito, hata nyani walikupisha. Basi kwa nini unakimbia mikono mitupu? Asiye na kitu mkononi ni mpita njia, lazima asimame asalimie. Lakini tarishi ametumwa. Kata ufito, Babu, uupasue kichwa, ubane barua. Wazee wa njia nzima wataujua, na hakuna atakayesema umemdharau. Ukiwa na pumzi, itikia salamu huku unakwenda.

Ila iwe barua kweli. Wewe si mtu wa kukimbia na karatasi tupu. Nadhani unajua ni ya nani, na safari hii mwandishi hatakuwa DC.

Mwikali anaomba radhi kwa watu wa nyumba ya Masha. Anasema kwao pia matanga hayapitwi. Yeye alikuwa anafikiria uwanja wa chuo. Anasema tembea zaidi kuliko kukimbia, na usione haya.

Mke wako mdogo,
Kache

*

Gede,
28 Julai 1986

Kache,

Salamu kwa haraka. Wazima sote.

Ufito nimeukata. Barua nimeiandika. Ni fupi na imenichukua siku tano, na karatasi nilizozichana bibi yako amewashia moto mara mbili.

Nilikwenda kwa Mwalimu Thuku kuomba bahasha. Akauliza barua ni ya nani, nikamwambia ya Sista. Akauliza itakwenda kwa posta gani, nikamwonyesha miguu. Halafu akavuta lile daftari la mbio, akaandika jina langu, herufi kubwa. Nimesema ni mtu wa Nyeri, lakini ni mtu.

Fanya mitihani. Usiniwaze.

Babu,
Gona

*

Gede,
6 Agosti 1986

Kwa mke wangu mdogo Kache,

Marahaba. Nakuandikia nimejiegemeza kitandani, daftari liko kifuani, miguu iko ndani ya karai la maji ya chumvi. Wazima sote, na mimi mzima kuliko wote kuanzia magoti kwenda juu.

Nimewashinda, Kache. Niliwaacha wote nyuma, isipokuwa wale waliotangulia.

Tulitoka Kilifi saa kumi ya alfajiri, watu arobaini na mmoja. Vijana walitimka kama wameiba. Mimi nikashika mwendo wangu, natembea, nakimbia, natembea, ufito juu. Tezo nilipita watu wamelala. Ngerenya kuna mzee mmoja kipofu ameketi kando ya njia, mjukuu wake akamwambia, "Babu, kuna mtu anakimbia na fimbo ina karatasi." Yule mzee akasimama wima. Akapaza sauti, "Mpisheni! Huyo ni tarishi!" Kache, miaka thelathini sijaitwa hivyo. Nilikimbia mpaka Matsangoni kwa neno hilo peke yake.

Matsangoni wanawake waliobeba maji walinifuata wanaimba. Wengine waliniuliza, barua ya nani, najibu, ya Sista Jedida, mmoja anasema, "Ndiye aliyenizalisha mimi." Mbele kidogo mwingine anasema hivyo hivyo. Walikuwa wengi. Nilidhani ni sisi tu.

Mida jua likawa kali. Nilikaa chini haraka mara moja, basi. Thoya alikuwa pale na baiskeli yake, ananizunguka kama tai, nikamwambia ondoka, leo sipandi. Akanipa mkate na maji. Nimekuwa nikimsema vibaya Thoya. Nimeacha.

Nyumbani kwa Masha mjane alikuwa amesimama njiani. Nikapunguza mwendo, nikaanza kusema pole, akanikata, "Pole ulishatoa. Peleka barua."

Kisha Gede. Nyumbani kwangu. Kivuli changu, kitanda changu kinaonekana kutoka barabarani. Miguu ilikuwa imekufa, nakwambia kweli, na hili usimsomee mtu. Nilimwona bibi yako mbele ya uzio na uji katika kata ya kifuu. Yule aliyesema nina wazimu, yule aliyeapa hatanikanda. Nikajisemea nitaketi kidogo tu. Akaniona nageuka kuingia. Akasema, "Wapi? Una barua mkononi. Pita." Nikasema, "Dorcas, nimechoka." Akasema, "Sikukuuliza umechokaje. Siku ile mimi nilikwenda kumwita kwa mvua, hukuniona nikiketi." Halafu akaanza kukimbia, Kache. Bibi yako! Kando yangu, kanga moja kiunoni, kata ya uji mkononi, ananinywesha huku tunakwenda, nusu inaingia mdomoni nusu kifuani, mpaka mwisho wa shamba la mikorosho. Pale akashika mti, akanisukuma mgongoni, akasimamisha basi akapanda kunitangulia Malindi. Miaka arobaini na mitano nimekaa na mwanamke yule nikidhani namjua. Nimemshukuru. Kwa mdomo, siku hiyo hiyo. Imekuwa rahisi kidogo sasa.

Niliingia uwanja wa kanisa Malindi jua limebaki kidole kimoja juu ya minazi. Waliotangulia walikuwa wameshakula pilau. Mwalimu Thuku akaja ananikimbilia na utepe mpya, maana ule wa kwanza umekatwa zamani, akaufunga haraka kwenye viti viwili nikaupasua kwa kifua. Kwa hiyo utepe nimeukata hata hivyo. Mwambie Mwikali acheke.

Sista Jedida alikuwa ameketi mezani na wageni. Kwa mara ya kwanza nilimtazama vizuri usoni, Kache, amezeeka, nywele ni nyeupe. Nikamfikia, nikainamisha ufito mbele yake kama nilivyokuwa nikimfanyia DC. Akaichomoa barua. Akaigeuza mbele nyuma. Mimi nikajua kazi yangu imekwisha, nimefikisha, sitasema kitu, nitakwenda kulala.

Akasema, "Miwani yangu iko Gede. Nisomee, mzee."

Miaka kumi na tisa nilibeba barua na hakuna aliyeniambia nisome. Bibi yako anasema miwani aliiona mfukoni mwa sare ya Sista, inachungulia. Mimi sikuiona. Nikaifungua, nikaweka kidole chini ya neno la kwanza, nikasoma:

"Sista Jedida. Msichana uliyemtoa anasomea ualimu. Mama yake ni mzima. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni."

Lilibaki neno moja. Nililiona. Ni langu, nililiandika mwenyewe, lakini kidole kilikaa tu chini yake. Mwalimu Thuku akasogea anisaidie kulisoma, nikamwangalia akarudi nyuma. Nikashusha pumzi.

"Asante."

Nililisoma kwa sauti mpaka nje ya uwanja walilisikia, wanasema.

Sista akaikunja barua mara mbili, akaitia kifuani. Mimi nimesimama, sijui niende wapi. Ndipo kazi yangu ikanikumbusha. Nikamwuliza, kuna majibu?

Akasimama. Akauinua mkono wa kulia juu, akauzungusha hivi, mara tatu, kama mtu anayeteka maji kisimani. Akacheka. Akasema, "Yapo. Mwambie mwenye barua kwamba bega lilipona zamani, na huyo msichana hakuchelewa."

Sehemu ya mwisho ya majibu naona ni yako. Nimekuletea kama nilivyopewa. Sikupunguza wala sikuongeza neno.

Babu yako, tarishi,
Gona Mwambire